Paka akiugua: ungoje, umtibu mwenyewe au umwite daktari?

Niliona madume wawili wakipatwa na maradhi yale yale, mmoja wa jirani yangu na mmoja wangu, na nyumba zetu hapa Vikokotoni, mjini Unguja, zimetenganishwa na kichochoro tu. Mmoja alikufa, mwengine yupo mpaka leo.

Wa jirani alikuwa paka mkubwa wa rangi ya kutu, mpole, kila mtoto wa mtaa akimjua. Jumatatu asubuhi alianza kuingia na kutoka kwenye karai la mchanga. Anachutama, anakaza, hatoi kitu, anajilamba nyuma, anarudi tena. Jirani aliona hicho ni choo kigumu, na wengi wetu tungeona hivyo hivyo. Akampa kijiko cha mafuta ya mbarika, akasema tumpe muda. Jumanne paka akakataa hata changu wa kuchemsha. Jumatano nilipoitwa nilimkuta chini ya kitanda, masikio ya baridi, macho hayafuati mkono. Nikampapasa tumbo sehemu ya nyuma, nikakuta duara gumu kama ndimu. Kilikuwa kibofu. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba tangu Jumatatu. Daktari wa mifugo alijitahidi, lakini figo zilikuwa zimeshashindwa na damu imejaa taka zilizotakiwa zitoke na mkojo. Alikufa usiku wa kuamkia Alhamisi.

Wangu alianza mwaka uliofuata, baada ya sala ya isha: karai, kuchutama, kujilamba, kilio kidogo cha chini. Sikungoja kupambazuke. Nilimtia kwenye kikapu, nikamfunika kanga, tukatoka. Alipitishwa mrija mwembamba, mkojo mwekundu ukamwagika, akatiwa maji ya mshipa siku mbili. Alirudi nyumbani ananuka dawa na ana hasira na kila mtu.

Tangu hapo nikiulizwa kama paka mgonjwa atibiwe nyumbani au apelekwe, sianzi na bei wala umbali, ingawa vyote viwili najua vinavyobana. Nauliza kwanza: maradhi haya yanampa saa ngapi? Dume asiyeweza kukojoa hana zaidi ya siku moja au mbili za kuokolewa. Paka mwenye viroboto ana wiki. Wote wawili wakikaa mbele yako wanaonekana wanajilamba tu.

Kungoja

Kungoja hakuna gharama, na mara nyengine ndio uamuzi sahihi. Paka aliyetapika mara moja baada ya kula majani, kisha akaomba chakula, mwache. Aliyepiga chafya mbili tatu lakini macho yake safi na anaruka ukutani, mwache. Anayechechemea kidogo baada ya kushuka bati la jirani, mpe siku moja ya kupumzika ndani.

Lakini kungoja ni kazi, na mtu anayengoja bila kutizama amemwacha tu. Sote tulisomeshwa chuo cha Kurani habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Ukingoja, tizama mambo haya. Mnyanyue mdomo uone ufizi: uwe wa waridi na wenye majimaji. Ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, na rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe kama karatasi, wa manjano, au wa kahawia, kungoja kumekwisha hapo hapo. Hesabu pumzi akiwa amelala: zisizidi 30 kwa dakika. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa hana la kungojewa hata kidogo. Na ujue kama amekojoa. Kwa paka wanaotoka nje hili ni gumu, kwa hiyo mgonjwa afungiwe chumba kimoja na karai lake.

Mipaka yangu ni hii: paka mkubwa asiyekula siku nzima, namtafutia daktari, kwa sababu paka akikaa njaa siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta hukimbilia kwenye ini na hapo maradhi ya pili huzaliwa juu ya yale ya kwanza. Mtoto wa paka simpi hata hiyo siku moja. Asiponyonya asubuhi na adhuhuri, jioni tayari ameshapoa mwili.

Kumtibu mwenyewe

Njia hii ndiyo inayookoa fedha nyingi na ndiyo inayoua paka wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Yapo yanayotibika nyumbani vizuri kabisa. Minyoo: dawa ya paka ya kumeza, kwa uzito. Watoto wa paka hupewa kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya tatu hivi mpaka wafike wiki nane, wakubwa kila miezi mitatu. Ukiona vitu kama punje za mchele vimeganda nyuma ya mkia, hao ni tegu, na tegu hao huletwa na viroboto anaowameza akijilamba. Ukitibu minyoo bila viroboto utanunua dawa ile ile mwezi ujao. Kidonda kidogo: maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, unaosha mara mbili kwa siku.

Uzito ni lazima ujue. Mtie kwenye kikapu cha ukindu, nenda duka la jirani lenye mizani, pima, kisha toa uzito wa kikapu. Paka wetu wengi wana kilo tatu au nne. Mtu anayekadiria kwa macho humwona mkubwa kuliko alivyo, kwa sababu ya manyoya.

Sasa hatari zenyewe. Ini la paka halivunji dawa kama ini la mtu, wala kama la mbwa. Panadol tunayompa mtoto mwenye homa, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumwua paka mkubwa. Damu hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka kahawia, uso na miguu huvimba. Hakuna kipimo kidogo cha salama, usimkatie hata robo.

Na hapa visiwani tuna hatari yetu wenyewe. Mafuta ya karafuu, na yale ya makonyo, yaani vikonyo vyake, tumeyazoea kwa jino na kwa kujipaka, na nimeona mtu akimpaka paka ili viroboto wakimbie. Viroboto hukimbia kweli. Lakini paka hulamba kila kilicho juu ya manyoya yake, na ile ile inayoyapa mafuta haya ukali, eujenoli, ini lake haiiwezi. Dawa ya kuulia vidudu ya majimaji, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa maji, ni ya jamii hiyo hiyo: safi kwa sakafu ya mtu asiye na paka, sumu kwa paka anayejilamba. Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi, na akilamba yanaweza kuingia mapafuni. Tumbaku iliyorowekwa ni sumu tupu.

Dawa ya mbwa ya matone ya shingoni au ya unga inahitaji neno lake peke yake. Nyingi zina pamethrini. Mbwa anaibeba bila shida, paka huanza kutetemeka, kisha degedege. Soma boksi. Kama picha ni ya mbwa, iache dukani, hata kama muuzaji anakwambia nusu itatosha. Na kama una mbwa na paka nyumba moja, mtenge mbwa aliyepakwa mpaka akauke.

Ile sindano ya ng'ombe ya upele na minyoo, aivamektini, mililita moja hutosha ng'ombe au ndama wa kilo 50. Paka wa kilo tatu sehemu yake ni mililita 0.06. Hebu chukua bomba la sindano ujaribu kupima hilo kwa mkono. Tone moja la ziada umeshampa mara mbili. Daktari anaweza kuitumia kwa paka, wewe na mimi tusiiguse.

Kumpeleka, au kumwita aje

Kwa paka, kama daktari yupo tayari kuja nyumbani, mimi huchagua aje. Paka aliyepitishwa Darajani kwenye kelele za daladala hufika na moyo unaokwenda mbio, na kumpima inakuwa taabu. Ila kwa mkojo ulioziba, kwa kupumua vibaya, kwa kugongwa na pikipiki, mpeleke: anahitaji vifaa ambavyo havitoshi ndani ya mkoba.

Mjini Unguja ni rahisi zaidi kumpata daktari kuliko Pemba, na ukiwa Micheweni au upande wa Mkoani safari yenyewe ni sehemu ya uamuzi. Kwa mtu wa Pemba ushauri wangu unabadilika: ondoka mapema zaidi, usingoje dalili ya tatu. Anzia ofisi ya mifugo ya wilaya, wao ndio wanaojua nani yupo na nani amesafiri. Namba ya simu uitafute siku paka ni mzima.

Kabla hujatoka, mrekodi kwa simu. Paka anayekohoa nyumbani hunyamaza mbele ya daktari. Video ya nusu dakika, na taarifa ya lini alikula mara ya mwisho, lini alikojoa, na dawa gani umeshampa. Hili la mwisho usilifiche hata kama unaona haya. Aliyempa Panadol akisema mapema, ipo dawa ya kuipinga. Akikaa kimya, daktari atatafuta kitu kisichokuwepo.

Anajikuna: maradhi manne yanayofanana

Hapa ndipo watu wengi hununua dawa isiyo yake. Nimeyapanga kama ninavyoyaona mimi.

| Unachokiona | Huenda ni | Muda ulionao | Njia |
|---|---|---|---|
| Vichembe vyeusi kwenye manyoya ya kiuno na mkia. Ukivitia kwenye pamba iliyotiwa maji vinatoa wekundu | Viroboto | Wiki, ila siku chache kwa watoto | Nyumbani |
| Magamba makavu yanayoanzia ukingo wa masikio, yanashuka usoni, anajikuna mpaka damu | Ukurutu | Wiki moja | Daktari |
| Mabaka ya duara yasiyo na nywele, hajikuni sana. Watoto wa nyumba nao wana mapunye | Choa | Wiki | Daktari, na watu watibiwe pia |
| Paka mweupe, kidonda ncha ya sikio au puani, kinakauka na kurudi miezi yote | Saratani ya ngozi ya jua | Usiahirishe | Daktari |

Mstari wa mwisho wengi hawaujui. Jua letu ni kali na paka weupe hupenda kulala juu ya bati. Ngozi isiyo na rangi huungua mwaka baada ya mwaka, na kile kinachoitwa kidonda cha kupigana kinageuka saratani. Ikiwa bado ipo kwenye ncha, daktari hukata ncha ya sikio na paka huishi. Ikifika puani ni kazi nyengine.

Kwa viroboto, kumtibu paka peke yake ni nusu ya kazi, na mimi nasema ni chini ya nusu. Wanaoonekana mwilini ni wachache. Mayai huanguka kwenye mkeka, kwenye godoro, kwenye nyufa za sakafu za nyumba zetu za mawe, na wakiwa ndani ya vifuko vyao wanaweza kungoja miezi. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa ikifunguliwa, wanamrukia anayeingia. Basi toa mikeka juani siku nzima, fua foronya na vitambaa anavyolalia kwa maji ya moto, fagia nyufa kila siku kwa wiki tatu. Paka mpitishie chanuo la chawa, viroboto uwatumbukize kwenye bakuli la maji ya sabuni. Kwa mtoto wa paka chini ya wiki nane, chanuo ndiyo dawa pekee ninayoiamini. Viroboto wengi humnyonya damu mpaka ufizi uwe mweupe, na huyo hafiki wiki.

Anatapika au anaharisha

Paka mkubwa aliyeharisha mara moja baada ya kuiba nazi iliyokunwa, mpe maji na samaki wa kuchemsha bila chumvi wala pilipili, utaona kesho. Tumbo kubwa gumu kwa paka mdogo mwembamba ni minyoo, na hiyo ni kazi ya nyumbani.

Lakini mtoto wa paka asiyechanjwa anayetapika majimaji ya manjano, ameinamia bakuli la maji wala hanywi, amelala na kichwa chini, huyo hana minyoo tu. Hiyo ni dalili ya homa ya paka, inayoua ndani ya siku moja au mbili. Haina dawa ya kuua virusi. Anayepona hupona kwa maji ya mshipa na uangalizi, na hayo yako kwa daktari. Mtenge na wenzake. Virusi hivyo hukaa nyumbani hata mwaka, sabuni haiviondoi, jiki iliyochanganywa na maji huviua. Sehemu moja ya jiki kwa sehemu 32 za maji, iache dakika kumi, kisha suuza kabla paka hajarudi.

Kwa nyumba za pwani liko jambo jengine. Wavuvi hutupa bunju mchangani wakichambua nyavu. Paka au mbwa akimla, hutapika, udenda hutoka, kisha miguu hulegea na pumzi hufuata. Hakuna dawa ya sumu ya bunju, kinachookoa ni kusaidiwa kupumua. Usipoteze muda kumnywesha maziwa. Na ukiona mshipi wa kuvulia unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Upande wa pili huenda kuna ndoana, au umeshajisokota kwenye utumbo, na ukivuta unakata kama uzi unavyokata sabuni. Kata unaoning'inia, ukiacha kipande cha nje, umpeleke.

Sumu ya panya nayo hudanganya. Zile zinazozuia damu kuganda hazionyeshi kitu siku mbili au tatu, na mwenyewe hudhani amenusurika, mpaka damu itoke puani au kwenye choo. Ukijua tu kwamba amekula panya wa sumu au sumu yenyewe, nenda siku ile ile akiwa bado mzima. Vitamini K anayopewa na daktari hufanya kazi vizuri ikiwahi.

Mbwa, kwa ufupi

Mbwa kwetu ni wachache, wengi wa wasasi na walinzi wa mashamba, lakini wanaugua kama wengine. Mbwa aliyejaa kupe akaacha kula, ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya chai nyeusi au damu puani, kupe wamemtia maradhi ya damu. Kutoa kupe nyumbani ni vizuri, ila hakutibu kilichokwisha kuingia. Hapo ni daktari. Kwa Unguja mbung'o, ambaye naye hutia maradhi ya damu, alishatokomezwa mwaka 1997, kwa hiyo kwa mbwa wa hapa fikra yangu ya kwanza huenda kwa kupe.

Lipo moja ambalo kulinganisha vibaya kunaua mtu. Mbwa aliyeachama, mate yanamtoka, hawezi kumeza, anaonekana amekwamwa na mfupa. Mwenye huruma hutia mkono. Kichaa cha mbwa huja kwa sura hiyo hiyo, taya limepooza. Paka mwenye mfupa wa samaki hujipangusa mdomo kwa mkono, ana akili zake timamu. Mbwa aliyebadilika tabia, anayelegea taya na kuyumba, usimguse, mfungie kwa mbali na upige simu. Pemba kichaa kilizimwa kwa kuchanja mbwa mwaka 2014, chanjo zikalegea, na mwaka 2016 kikaingizwa tena na kuenea. Ukiumwa au ukilambwa kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali upate chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba.

Kama fedha ni ya jambo moja tu

Swali hili huulizwa zaidi na wenye paka watano sita, na ni swali la haki. Ukiwa na fedha za kumtibu mmoja au kuchanja wote, wachanje. Chanjo ya homa ya paka huanza wiki ya nane hivi, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki 16. Baada ya chanjo, mhasi dume. Majipu ya kuumwa ninayoyaona kila msimu wa kupandana, uvimbe wa moto shavuni au kwenye kiungo cha mkia, unaopasuka na kutoa usaha wenye harufu, karibu yote ni ya madume ambao hawajahasiwa. Jipu lililokwisha kupasuka utaliosha nyumbani kwa maji ya chumvi; lililofumba na paka ana homa, joto zaidi ya nyuzi 39.5, linataka daktari na dawa yake. Jike mhasi kabla ya joto la kwanza la kutaka dume, karibu miezi mitano.

Fedha zikibaki, weka kando kiasi cha safari moja ya usiku. Mimi huziweka ndani ya kikapu kile kile cha ukindu, pamoja na kanga na namba ya simu ya daktari.